Konda anaikataa mia mbili ya mwanangu, dubwi linaipokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Sijawahi kuandika gazetini. Gazeti lako hulinunua jirani yangu, fundi cherehani, akishalimaliza hunipa mimi nifungie samaki, nami kabla sijalichana hulisoma. Ndiyo maana barua ya msomaji wako mmoja ilinifikia ikiwa na siku kama tatu hivi. Niliisoma nikiwa na kisu cha kuparia mkononi, nikaikunja, nikaiweka kando. Sikuifungia samaki.

Msomaji huyo anasema uhuni wa vijana wa Dar es Salaam unaanzia kwenye nyumba za masingo maza. Anawakumbusha watu magenge ya vijana wa Panya Road waliotutia hofu mwaka 2022, anasema ukimfuatilia kijana mmoja mmoja utakuta kalelewa na mama peke yake, na kwamba mtoto wa kiume asiye na baba ndani hana wa kumwogopa.

Mimi ndiye anayesemwa. Naishi Kivule, kando kidogo ya Fremu Kumi, na mwanangu mmoja wa kiume mwenye miaka 15, yuko Kidato cha Pili. Baba yake aliondoka mtoto akiwa na miaka minne. Nilikwenda ustawi wa jamii, akaitwa, akakubali mbele ya afisa kutoa shilingi 50,000 kila mwezi, akatoa miezi mitatu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 naijua, nilielezwa palepale ofisini kwamba matunzo ni wajibu wa wazazi wote wawili. Lakini kumfuatilia mtu anayebadilisha namba za simu kunataka niache kwenda Feri kununua samaki wa kuuza, na nisipokwenda Feri siku hiyo hatuli. Nikaacha. Sikuandika barua hii kumsema yeye. Naandika kwa sababu tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Mei mwaka huu mwanangu alitoka nyumbani kila siku na sare na begi, shuleni hafiki, na mimi mama yake sikujua.

Kazi yangu ni samaki wa kukaanga. Saa kumi alfajiri niko barabarani kuwahi mnada wa Feri. Sisi wachuuzi tunaishi kwa mwezi wa angani: giza likiwa totoro wavuvi wa taa wanapata vibua na dagaa, mwezi ukiwa mkubwa hawapati kitu, bei inapaa. Upepo wa kusi ukianza bahari inachafuka, na ndoo niliyozoea kuinunua kwa 40,000 naambiwa 60,000. Saa tano au sita nimerudi, napara, natia chumvi na limao. Saa kumi jioni karai liko motoni kando ya barabara, na nafunga saa tatu usiku. Siku nzuri nabaki na 12,000. Siku mbaya narudisha mtaji tu.

Chumba ni kimoja, kodi 50,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nimekigawa kwa pazia, upande wangu na upande wake. Wenye watoto wa kiume wa umri huu wanaelewa ninachosema. Kijana akishabalehe si vizuri kulala chumba kimoja na mama yake, na tangu alipokuwa na miaka 13 majirani walikuwa wananiambia, mpeleke geto akalale na wenzake. Geto ni chumba wanachokaa vijana watano, sita, hakuna mtu mzima. Wengi wa rika lake mtaani kwetu wanalala huko, na mama zao hawajui wanaingia saa ngapi wala wanaingia na nini. Nilikataa. Niliongeza pazia la pili, zito, akawa anavaa bafuni uani. Sare yake anaifua mwenyewe kila usiku kwa sababu chumba kizima kinanuka mafuta ya samaki, na shuleni wenzake walikuwa wanamwita Kibua. Hilo hakuniambia yeye, niliambiwa na mtoto wa jirani. Nilichokiona kwa macho yangu ni kijana anayesimama mlangoni, ananusa kwapa na mabega ya shati, ndipo analivaa.

Kila usiku kabla sijalala huweka sarafu tano za shilingi mia mbili juu ya kifuniko cha sufuria, karibu na kichwa chake. Zile zenye sura ya Mzee Karume. Nne ni nauli: Kivule hadi Banana mia mbili, Banana hadi shuleni mia mbili, na kurudi vilevile. Ya tano ni andazi. Natafuta sarafu hizo mchana kutwa, mteja akinilipa kwa sarafu naitenga kwenye kikopo, kwa sababu mwanafunzi akimpa konda noti anaambiwa hakuna chenji. Ada hatulipi tangu Januari 2016 na nashukuru kwa moyo wote, kwani kama ingekuwa ada huyu angeishia darasa la saba kama mimi. Lakini mchango wa chakula cha mchana sijaumudu, na shule aliyopangiwa iko mbali, ng'ambo ya Banana. Basi sarafu tano ndiyo siku yake nzima.

Mwishoni mwa Mei, Jumapili jioni, natafuta karatasi ya kuandikia deni la mteja. Mwanangu amekwenda kuchota maji. Nikachukua daftari kwenye begi lake, likawa la Kemia. Mimi Kemia siijui, lakini tarehe naijua. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ulikuwa wa tarehe 12 Machi. Nikadhani wamebadilisha daftari. Nikafungua la Historia, 11 Machi. La Hisabati, 12 Machi. La Kiswahili lilikuwa na kichwa cha somo kilichopigiwa mstari kwa rula, mstari umenyooka vizuri sana, na chini yake hakuna neno. Niliyapanga yote manne kitandani nikakaa.

Alirudi na ndoo mbili. Aliyaona madaftari kabla ya kuniona mimi. Akaweka ndoo chini taratibu ili maji yasimwagike, akasimama. Nikamuuliza, "Baba, huwa unakwenda wapi?" Hakujitetea, hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, magari hayanichukui."

Nikamwambia ni uongo. Miezi miwili na nusu gari hazikuchukui? Watoto wengine wanapanda nini? Nilimsema maneno mengi usiku ule, mengine ya baba yake, ambayo nimeshamwomba radhi. Alipolala nikawaza: mtoto huyu hajawahi kuniongopea mambo madogo, kwa nini aanze na kubwa?

Jumanne sikwenda Feri. Nilimwacha akatoka, nikamfuata kwa mbali, nikajitanda kanga hadi usoni, nikasimama pembeni ya mama mmoja muuza vitumbua. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini, kungali giza. Wanafunzi walikuwa kama thelathini na watu wazima wengi kuliko hao. Nikaanza kuhesabu magari.

La kwanza lilipofika konda alinyoosha mkono kukinga mlango, akawa anasema, "Wanafunzi wawili! Wawili tu!" Watu wazima wakapita chini ya mkono wake. La pili vilevile. La tatu lilipunguza mwendo, konda akaona sare nyingi, akagonga bodi, gari likaondoka na siti ziko wazi, naziona. Mwanangu si msukumaji. Ni mrefu mwembamba, akisukumwa anasogea. Alikuwa amesimama mkono juu, sarafu kati ya vidole viwili, ili konda aone kwamba nauli anayo. Kila gari likija mkono unapanda, likiondoka unashuka. Mara mbili alifikisha mguu kwenye ngazi. Mara moja konda alimshika begi mgongoni akamweka kando, akampandisha mama mwenye kapu.

Hadi saa moja kasorobo nilihesabu magari 11. Mwanangu hakupanda hata moja.

Sina chuki na makonda. Nimepanda nao alfajiri miaka mingi, wananisaidia kupandisha ndoo, na wengi ni vijana wa mama kama mimi. Konda na dereva wana hesabu ya tajiri. Kila siku jioni kiasi fulani lazima kifike mkononi mwa mwenye gari, mafuta juu yao, faini juu yao, na kinachobaki ndicho chao. Mtu mzima analipa mia sita, mwanafunzi mia mbili. Akipakia wanafunzi kumi asubuhi amepoteza 4,000 kwa safari moja, tena ile safari ambayo abiria wamejaa kituoni na kila siti ina mtu wa kuikalia. Saa nne asubuhi, magari yakiwa matupu, konda huyohuyo atamwita mwanafunzi kwa mapenzi, "Njoo mdogo wangu." Ila saa nne shule imeshaanza. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wanatukumbusha mara kwa mara, lakini saa kumi na moja alfajiri hapo kituoni kwetu sijawahi kumwona ofisa hata mmoja.

Saa moja na dakika kumi wanafunzi waliokuwa wamebaki walianza kutawanyika. Wawili walianza kutembea. Wasichana wengine walirudi nyumbani. Mwanangu na wenzake watatu wakazunguka nyuma ya fremu za maduka. Nikawafuata.

Nyuma kule kuna kiduka cha sigara na vocha, na pembeni ya mlango kuna dubwi. Msomaji asiyeishi uswahilini huenda halijui. Ni kisanduku cha mashine ya kamari, kina urefu wa mtoto, usoni kina picha za matunda, kengele na namba saba, taa zinazunguka na kinapiga kinanda. Juu pana tundu jembamba. Tundu lile linapokea sarafu ya mia mbili.

Nilisimama nikatazama. Mwanangu alitoa sarafu moja, akaitumbukiza, taa zikazunguka, zikasimama, hakuna kitu. Akatoa ya pili. Taa zikazunguka, mashine ikalia, sarafu zikamwagika kwenye kisahani chini, nilizisikia kabla ya kuziona. Wenzake wakampiga mabegani. Mhariri, nilimwona mwanangu anacheka. Sikukumbuka mara ya mwisho kumwona akicheka vile. Alikuwa na sarafu kama sita zaidi ya alizokuja nazo, na kwa dakika kama tisa alizirudisha zote, moja baada ya moja, pamoja na ya andazi na ya nauli ya kurudi.

Nikajifunua kanga. Aliponiona alisema tu, "Mama." Wenzake wakakimbia. Kwenye dubwi pamebandikwa karatasi, hairuhusiwi chini ya miaka 18. Nikamuuliza mwenye duka kama haisomi. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo mama. Mimi nimewekewa tu. Wenyewe wanakuja kufungua mwisho wa wiki, tunagawana." Nikamuuliza kama kwenye mgao huo anaona sare za shule. Akanyamaza. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ipo tangu mwaka 2003 na Bodi yake ipo, na umri wa miaka 18 umeandikwa hata kwenye mashine yenyewe. Lakini pale saa moja asubuhi sheria ilikuwa ni ile karatasi tu, imeshapauka kwa jua.

Tangu siku ile nawaza jambo hilihili nikipara samaki. Sarafu ni moja. Konda anaikataa, dubwi linaipokea. Konda anamwambia mwanangu mia mbili yako ni hasara, dubwi linamwambia karibu, na mara mojamoja linamrudishia. Mtoto wa miaka 15 aliyekataliwa mara 11 kabla ya saa moja asubuhi ataegemea wapi?

Utaniuliza kwa nini asitembee. Alitembea. Mwanzoni mwa Machi alitembea siku kadhaa, kutoka Kivule kupitia Kitunda hadi Banana na kuendelea, karibu saa mbili kwa mguu. Akifika paredi imekwisha, geti limefungwa, waliochelewa wanachapwa kisha wanafyeka majani hadi mapumziko. Aliniambia siku moja alichapwa viboko sita. Nimeambiwa kanuni inasema visizidi vinne, na si kila mwalimu anaruhusiwa kuchapa. Basi akafanya hesabu yake ya kitoto: nikichelewa nachapwa na somo nalikosa, nisipokwenda kabisa sichapwi, maana hakuna anayejua. Wala hakukosea, hakuna aliyejua. Mwalimu wa darasa alikuwa ameniandikia barua ya wito mara mbili, akampa mwanafunzi aniletee, na barua zikaishia mtaroni. Nilipokwenda kumwona, mwalimu huyo alinipokea vizuri. Ana wanafunzi zaidi ya mia moja katika mkondo mmoja, na mwanangu alimkumbuka kwa jina na kwa mwandiko. Alinitoa hofu kwamba hajafutwa, na kwamba tangu waraka wa mwaka 2021 hata waliokwishakatisha masomo wanaweza kurudi. Nilimwambia mwalimu, huyu hajakatisha, huyu amekatishwa njiani.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu na suala la baba.

Mimi ni Mmwera wa Nachingwea. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mtu mkubwa kwake ni mjomba. Mimi mwenyewe baba yangu alikuwapo, lakini aliyeamua nisome au nisisome, niolewe au nisubiri, alikuwa mjomba. Kijana akienda jando wanaume wa ukoo ndio wanaomfunza, si baba peke yake. Kwa hiyo nikisikia kwamba mtoto asiye na baba ndani hana mtu, nashangaa, kwa sababu kwetu mtoto hakuachiwa mtu mmoja hata siku moja. Nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume. Akasema, "Dada, mlete huku, nitamnyoosha." Wanawake wengi hapa wamefanya hivyo, kijana akiwashinda wanampakia basi. Nilimwambia njoo kwanza wewe.

Alikuja Juni na mfuko wa mbaazi na korosho kidogo, akakaa siku nne. Siku ya pili aliamka na mpwa wake saa kumi. Walikwenda kituoni, magari yakawapita, wakatembea. Mjomba mtu mzima, mkulima wa korosho, mwenye miguu ya shamba, alirudi saa nne asubuhi vumbi limemfika magotini, akaomba maji. Alikunywa kopo zima, akasema, "Dada, huyu hana shida ya baba. Huyu ana shida ya gari."

Kisha akaniambia lingine lililonichoma zaidi. Njiani mpwa wake alimweleza kwamba siku nyingine alikuwa hataki kupanda hata kama konda angemchukua, kwa sababu akiingia kwenye gari lililobana watu wanageuza pua kwa harufu ya shati. Alimwambia mjomba, hakuniambia mimi. Yapo maneno ambayo kijana hawezi kumwambia mama yake kwa kuogopa kumwumiza, na hapo nakubaliana na msomaji mwenzangu kwamba mtoto wa kiume anahitaji mwanamume wa kuzungumza naye. Lakini awe ni mtu wa kutembea naye hiyo njia. Wa kuogopwa tu hamsaidii.

Mjomba amerudi Nachingwea. Hapa kituoni Mungu ametupa mzee mmoja mpiga debe, ana miaka zaidi ya sitini, sauti imeshakwaruza. Nilimfuata nikamweleza habari yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia yeye alikuwa kijana magari haya yaliporuhusiwa mwaka 1983, nauli ikiwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu wakiiita dala, ndiyo makonda wakawa wanaita "Dala! Dala!" Akasema, "Gari hili limepewa jina na sarafu, halafu leo linaikataa sarafu ya mtoto." Tangu hapo kila alfajiri anasimama mlangoni kabla ya konda, anaingiza wanafunzi watatu kwanza, wanne, ndipo anaita abiria. Makonda wanamnung'unikia lakini wanamheshimu. Nampelekea samaki jioni, sahani moja na ugali, naye kila siku ananiuliza kama mtoto aliwahi. Ila ni mmoja na ni mzee. Wiki iliyopita aliumwa siku tatu, na siku zile tatu mwanangu alitembea mara mbili.

Habari za dubwi nazo nilizipeleka serikali ya mtaa. Tulikwenda akina mama wanne na baba mmoja wa bodaboda. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, likaondolewa. Baada ya wiki mbili limerudi, sasa limeingizwa ndani ya duka, nyuma ya kreti za soda. Taa zake hazionekani barabarani lakini kinanda kinasikika.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba barua yangu iwafikie watu watatu.

Wa kwanza ni matajiri wa daladala. Konda hatabadilika ikiwa hesabu haibadiliki, tuache kumlaumu yeye peke yake. Mwenye gari anayesoma hapa namwomba awaambie vijana wake hivi: safari ya kwanza ya alfajiri, pakieni wanafunzi kumi, na jioni nipunguzieni 4,000 kwenye hesabu. Elfu nne. Najua ni fedha, mimi elfu nne ni theluthi ya siku yangu nzuri. Lakini yakiwa magari matatu tu kwenye kituo chetu, wanafunzi wote thelathini niliowaona asubuhi ile wamekwenda shule.

Wa pili ni LATRA na askari wa barabarani. Njooni saa kumi na moja alfajiri, si saa tatu. Njooni bila sare, simameni karibu na mama wa vitumbua kama nilivyosimama mimi, hesabuni. Na mkitoka hapo wapigieni simu wenzenu wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, waje wasikilize kinanda nyuma ya kreti za soda.

Wa tatu ni walimu wakuu. Mtoto aliyetembea saa mbili akafika amelowa jasho, msimpige. Muulizeni kwanza ametoka wapi. Na barua ya mzazi msimpe mwanafunzi ailete. Simu zetu mnazo.

Na wewe msomaji mwenzangu uliyeandika juu yetu, sikuchukii. Nadhani una uchungu na vijana hawa kama mimi. Ila kama unakaa njia yetu na una gari lako binafsi, nakuomba asubuhi moja tu upunguze mwendo hapo Fremu Kumi uwaangalie wale waliosimama mikono juu. Yule mrefu, mwembamba, shati jeupe lililofuliwa usiku na bado halijakauka vizuri mabegani, ndiye mwanangu.

Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Pili ni Novemba. Mwalimu wake amemwazima madaftari ya mwanafunzi mwenzake, na kila usiku nikirudi namkuta amewasha tochi ya simu upande wake wa pazia ananakili notisi alizozikosa. Usiku huu ninapoandika nimemuuliza Kemia amefika wapi. Ameniambia amefika Aprili 9.

Naomba jina langu lihifadhiwe kwa ajili ya mwanangu.

Mama Muuza Samaki,
Kivule, Dar es Salaam